Shauri Linapopanda Ngazi: Mahakama ya Rufani ya Tanzania na Lugha Yake

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika shauri la mgawanyo wa mali lililokuwa limeanza, kama yanavyoanza mashauri mengi ya ndoa nchini, katika Mahakama ya Mwanzo. Mke aliyeachwa alidai sehemu ya nyumba iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama ya Mwanzo ilimjibu kwamba yeye alikuwa mke tu, na kwamba nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Shauri likapanda ngazi hadi juu kabisa, na huko Jaji Mkuu Francis Nyalali akaandika kwamba kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni kazi inayohesabiwa kuwa mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mrufani mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba. Mahakama iliona kwamba fedha alizokuwa amepewa na mumewe alikuwa amezitapanya, na rufani yake ikakataliwa. Lakini kanuni ilibaki, na wanawake wengi waliomfuata waliitegemea.

Kwa mtazamaji wa lugha, shauri hilo lina jambo la ziada. Kabla ya mwaka huo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: wapo waliosema kwamba neno la Kiingereza lililotumika katika sheria halikukusudia shughuli za jikoni, kwa kuwa hizo ni wajibu wa kawaida wa mke, na wapo waliosema kwamba lilizikusudia. Mgogoro huo ulihusu upana wa neno la kigeni. Katika Kiswahili, shughuli hizo zina jina ambalo hakuna anayelibishia: ni kazi za nyumbani. Ubishi juu ya iwapo ni wajibu ungebaki. Lakini ubishi juu ya iwapo ni kazi ungekuwa mgumu kuuanzisha mbele ya wazee wa baraza. Sheria hiyo hata hivyo ilisomwa, ikajadiliwa na kuamuliwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya watu wawili waliooana, wakagombana na kuachana kwa Kiswahili.

Historia ya mahakama ya juu ya Tanzania aghalabu husimuliwa kama historia ya sheria, ya majaji na ya katiba. Ni sahihi kuisimulia hivyo, ila haitoshi. Tangu awali ngazi za mahakama zilikuwa pia ngazi za lugha. Aliyezipanda alifika mahali fulani ambapo maneno yake yalichukuliwa na mtu mwingine, yakageuzwa, na hayakumrudia tena.

Rufani kabla ya 1979

Utawala wa Wajerumani ulikuta Kiswahili kikitumika pwani na katika njia za misafara, ukakifanya lugha ya maliwali na maakida. Hata neno "shauri" liliingia katika kumbukumbu za maofisa wa Kijerumani kwa maana ya kikao cha kusikiliza madai, na maana hiyo haiko mbali na ile ambayo neno hilo linayo mahakamani leo. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika waliweka msingi tofauti. Amri ya mwaka 1920 iliunda Mahakama Kuu na kuagiza itumie, pamoja na sheria za nchi, misingi ya sheria za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hiyo imeendelea kutajwa na wanasheria wa Tanzania kwa muda mrefu kuliko walivyodumu waliyoiandika.

Mwafrika wa kawaida hakuihusu sana Mahakama Kuu hiyo. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929, iliyotungwa chini ya Gavana Donald Cameron na siasa yake ya kutawala kwa kupitia machifu, ilikata kabisa njia ya rufani kutoka mahakama za wenyeji kwenda Mahakama Kuu. Aliyeshindwa kwa chifu alikwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Ngazi zilikuwa mbili, zimesimama sambamba bila daraja. Kwenye moja, mtawala ndiye aliyekuwa hakimu, na maneno yalisemwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali. Kwenye nyingine, walikaa majaji waliosomea sheria, na maneno yalisemwa kwa Kiingereza.

Juu ya ngazi hii ya pili ilikuwapo Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902. Ilipokea rufani kutoka katika makoloni na himaya za eneo hili, Zanzibar ikiwamo, na juu yake tena kulikuwa na Kamati ya Sheria ya Baraza la Mfalme huko London. Hivyo mgogoro wa shamba la mikarafuu ungeweza kuamuliwa na mabwana ambao hawakupata kuuona mkarafuu.

Uhuru uliondoa London. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika mwaka 1964, iliunganisha ngazi zile mbili kuwa moja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Haya yalikuwa mageuzi makubwa kuliko yanavyokumbukwa. Dai la mkulima lililoanzia kijijini lingeweza kufika, kwa haki ya kisheria na si kwa hisani ya mkuu wa jimbo, mbele ya jaji. Daraja lilijengwa. Lakini aliyelivuka daraja aliacha lugha yake ng'ambo ya pili, maana Mahakama za Mwanzo ziliendesha mambo yao kwa Kiswahili, za wilaya zilichanganya, na Mahakama Kuu ilibaki na Kiingereza.

Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliendelea, makao yake yakiwa Nairobi, kama chombo cha pamoja cha Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama hiyo ilikwenda nayo. Kenya iliunda ya kwake mwaka huohuo. Tanzania ilikaa takriban miaka miwili bila mahakama yoyote juu ya Mahakama Kuu, mpaka Bunge lilipobadilisha Katiba kwa Sheria Namba 14 ya mwaka 1979 na kutunga Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Namba 15 ya mwaka huo. Mwaka 1977, wakati wa mkwamo huo, Nyalali alikuwa ameteuliwa kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa Mtanganyika wa pili kushika kiti hicho, baada ya Augustine Said aliyempokea Philip Telford Georges kutoka Trinidad. Nyalali alikikalia kwa miaka 23.

Jijini Dar es Salaam Mahakama ya Rufani ilikuja kukaa katika jengo la ufukweni ambalo zamani lilikuwa klabu ya Wazungu na baadaye Hoteli ya Forodhani. Haikosi maana kwamba mahali walipopunga upepo maofisa wa koloni ndipo palipokuja kusikilizwa rufani za wakulima na mabaharia.

Majaji watatu

Muundo wa Mahakama hiyo si mgumu kuueleza. Jaji Mkuu ndiye kiongozi wake na wa Mahakama yote kwa jumla. Mahakama Kuu ya Tanzania ina msimamizi wake, yaani Jaji Kiongozi. Majaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, na kwa mujibu wa Katiba umri wao wa kustaafu ni miaka 65, ilhali wenzao wa Mahakama Kuu hustaafu wakiwa na miaka 60. Rufani husikilizwa na majaji wasiopungua watatu, na uamuzi ni wa walio wengi. Jaji mmoja anaweza kushughulikia maombi madogo, kama vile kuongezewa muda, na asiyeridhika naye huwaendea watatu. Pale Mahakama inapotaka kuuacha msimamo wake wa zamani, huitwa jopo la watano, na mara chache la saba.

Mahakama haingoji watu Dar es Salaam tu. Hufanya vikao mikoani, Arusha, Mwanza, Mbeya, Tabora, Dodoma na kwingineko, na hukaa Zanzibar pia. Katika vikao hivyo mashahidi hawapo. Hakuna kiapo wala wazee wa baraza. Yapo makaratasi: kumbukumbu za rufani, yaani nakala ya kila kilichosemwa na kuandikwa huko chini, pamoja na sababu za kukata rufani. Anayetaka kukata rufani ya madai hutoa taarifa ya kusudio lake ndani ya siku 30 na kuwasilisha kumbukumbu ndani ya siku 60. Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo liko sharti zaidi: Mahakama Kuu lazima ithibitishe kwanza kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa. Kuonewa hakutoshi kumfikisha mtu pale juu. Ni lazima uonevu wake utafsirike kuwa swali la sheria.

Na hapa ndipo penye uzito. Ikiwa mahakama inasoma makaratasi tu, basi lugha ya makaratasi ndiyo shauri lenyewe. Kwa miongo mingi shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu wa mahakama ya wilaya au jaji akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, papo hapo, akiwa ndiye mwamuzi na ndiye mkalimani. Alichokisoma Jaji wa Rufani miaka kadhaa baadaye hakikuwa maneno ya shahidi bali tafsiri ya haraka ya maneno hayo. Kiswahili kina namna nyingi za kusema jambo bila kulithibitisha kabisa: "nadhani alikuwa yeye", "alikuwa kama yeye", "nilimfahamu kwa sauti". Katika kesi ya unyang'anyi wa usiku, ambako utambuzi wa mshtakiwa ndio kila kitu, tofauti kati ya semi hizo ni tofauti ya miaka 30 gerezani. Kumbukumbu iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mkato ingeweza kuzifanya zote kuwa neno moja.

Ukali wa Mahakama kuhusu makaratasi uliongeza tatizo. Kwa muda mrefu rufani ziliondolewa kwa sababu hati moja imekosekana au tarehe mbili hazikulingana. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa ili mahakama zitazame haki ya msingi kuliko kasoro za kiufundi, na Mahakama ya Rufani imeutumia msimamo huo, ingawa kwa hadhari: imesisitiza mara nyingi kwamba haufuti kanuni za lazima.

Upande wa pili wa Muungano

Mahakama ya Rufani ni miongoni mwa mambo ya Muungano, ila Mahakama Kuu ya Zanzibar si ya Muungano. Kwa hiyo mahakama kuu mbili, kila moja na mila yake, humwaga maji katika mto mmoja. Si maji yote. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 iliyazuia mashauri ya dini ya Kiislamu yaliyoanzia kwa makadhi yasivuke bahari, pamoja na tafsiri ya Katiba hiyo yenyewe. Mgogoro wa kikatiba kati ya serikali mbili nao haupelekwi hapo. Katiba ya Muungano imeuwekea Mahakama Maalum ya Katiba, ambayo nusu ya wajumbe wake huteuliwa na kila upande, na ambayo uamuzi wake huhitaji theluthi mbili ya kila nusu. Kwa masharti hayo, ni vigumu kufikiria shauri ambalo lingeamuliwa huko bila pande hizo kuwa zimekwisha kupatana nje.

Zanzibar ina somo jingine. Mwaka 1970 zilianza kazi huko Mahakama za Wananchi. Ziliendeshwa kwa Kiswahili tupu, bila mawakili, na rufani za mwisho ziliishia kwa viongozi wa Mapinduzi. Mshtakiwa alifahamu kila neno lililosemwa juu yake. Hakuwa na wa kumtetea, wala hakuwa na jaji huru wa kumkimbilia. Wale wanaodhani kwamba kubadili lugha peke yake kunaleta haki wanapaswa kuzisoma kumbukumbu za miaka ile kabla ya kusema lolote.

Ni Mahakama ya Rufani, ikiamua kwa Kiingereza, iliyotamka Novemba 2000, katika kesi ya wanasiasa wa upinzani walioshtakiwa Zanzibar, kwamba uhaini haumo katika makosa yanayoweza kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili yenyewe. Uamuzi huo ulipingwa na wengi visiwani, na kwa sababu zinazoeleweka. Hata hivyo, kwa watu waliokuwa wakikabiliwa na adhabu ya kifo, lugha ya hukumu haikuwa jambo la kwanza kuuliza.

Haki zilizoandikwa, haki zilizohukumiwa

Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kuitumia kuanzia mwaka 1988. Katiba hiyo ni ya Kiswahili; nakala yake ya Kiingereza ni tafsiri. Katika mashauri yaliyofuata, kwa hiyo, mambo yaligeuka: safari hii sheria ilikuwa ya Kiswahili na hukumu ikawa ya Kiingereza. Mwaka 1991 Mahakama ilibatilisha masharti yaliyowanyima dhamana baadhi ya washtakiwa. Mwaka 1993 ilifuta sharti la kuomba kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki Serikali. Mwaka 2002, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, iliondoa sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni tano kabla ya kesi ya uchaguzi kusikilizwa, kwa hoja kwamba mlango wa mahakama haufungwi kwa fedha.

Si kila mara ilikuwa jasiri hivyo. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alikuwa ameamua mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani, Januari 1995, ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kutweza, kisha ikasema kwamba imeokolewa na ibara ya 30, inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya jamii. Ni hukumu inayosumbua kuisoma, maana inamkubalia mshtakiwa karibu kila hoja isipokuwa ile moja ambayo ingemwokoa.

Shauri la mgombea binafsi lilichukua muda mrefu zaidi. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994; Bunge likabadilisha Katiba mwaka huohuo ili kuzuia wagombea wasio na chama; akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 jopo la majaji saba likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani lilitengua ushindi huo, likisema kwamba mahakama haina uwezo wa kubatilisha kifungu cha Katiba na kwamba suala hilo ni la kisiasa. Mtikila alikwenda kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambayo mwaka 2013 ilimpa ushindi dhidi ya nchi yake. Kuna jambo dogo la kuongeza kuhusu msamiati. Lugha ya wananchi ilichagua "binafsi", si "huru", na kivumishi hicho kiliwafaa waliompinga, kwa kuwa "binafsi" hunusa ubinafsi.

Hukumu ya Musoma

Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu hadharani Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwa kuandika uamuzi wake kwa Kiswahili, na akatangaza kumpandisha kuwa Jaji wa Rufani. Watu walishangilia. Wapo wanasheria walionong'ona, si bila sababu, kwamba jaji hapandishwi cheo jukwaani kwa lugha aliyoitumia. Mwezi huohuo Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote, huku likiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapodai hivyo.

Nafasi hiyo imetumika sana. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani zilizotolewa baada ya mwaka huo zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na sababu si ukaidi tu. Mahakama hii hufungwa na hukumu zake za nyuma. Jaji anayeandika kwa Kiswahili leo analazimika kutegemea maelfu ya kurasa za Kiingereza, na kila anaponukuu lazima atafsiri, na kila anapotafsiri lazima achague. Istilahi zenyewe hazijatulia. Jina la mahakama ni "Rufani", ilhali waandishi wa magazeti na hata mawakili husema "rufaa", na Kenya wameifanya hiyo ya pili kuwa jina rasmi. Hilo halina madhara. Lakini "mapitio" na "marejeo" ni jambo jingine: yapo maombi ya kuitaka Mahakama iangalie upya hukumu yake yenyewe, na yapo maombi ya kuitaka ikague mwenendo wa mahakama ya chini, ni njia mbili tofauti, zenye masharti tofauti, na maandishi ya Kiswahili yamekuwa yakiyabadilishana maneno hayo mawili. Mfungwa anayejiandikia ombi gerezani, akikosea neno, huenda akagonga mlango usio wake.

Orodha za istilahi za sheria zimekuwapo tangu miaka ya 1960, A. B. Weston wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa miongoni mwa waliotangulia. Ambacho hakikufanyika kwa miaka yote hiyo ni kuzipeleka istilahi hizo pale zinapojaribiwa, ndani ya hukumu inayofunga. Kamusi hupendekeza, ni jaji anayesema neno hili maana yake ni hii, na kuanzia hapo mtu anapoteza nyumba au anaipata. Hukumu ya mwaka 1983 juu ya kazi za nyumbani iliandikwa kwa Kiingereza, na mahakimu wanaoamua migawanyo ya mali huinukuu kwa Kiingereza hichohicho, kisha huwageukia wanandoa waliosimama mbele yao na kuwaeleza, kila hakimu kwa maneno yake, ilisema nini.